Wafadhili Wanataka Niombe Radhi kwa Sababu ya Boti ya Waja Wazito

(Barua hii niliijibu kwanza kwa faragha, maana mambo yake hayakuweza kungoja gazeti. Naichapa leo kwa ruhusa ya aliyeiandika. Majina yote nimeyabadilisha. Bi Thuwaiba.)

Mpendwa Bi Thuwaiba,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Ndau, na nakusihi unisome mpaka mwisho hata kama maneno yangu yatakwenda mrama, kwa sababu nimefika mahali ambapo nikisema nakosa na nikinyamaza nakosa, na hapa kisiwani sina wa kumuuliza kwani kila ninayemuuliza tayari ana upande wake.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa hapa hapa, nimesoma Lamu mpaka nikapata cheti cha ualimu, na kwa miaka kadhaa sasa nafanya kazi na mfuko mmoja wa hisani wa Ulaya, jina lake nalisitiri, kazi yangu ni kuwapokea wafadhili wakija, kuwatembeza, kuwatafsiria na kuwapelekea habari za huku wakiwa kwao. Ndiyo kazi inayomlisha mama yangu na ndiyo inayomsomesha mdogo wangu chuoni, kwa hivyo usidhani naidharau.

Kwetu kila kitu huja na boti, unga, mwalimu, saruji, hata maiti, na mwanamke akishikwa na uchungu ukawa mgumu hana ndia nyingine ila kuvuka kwenda hospitalini Faza. Akina mama wetu wakaunda kikundi, mwenyekiti wao Bi Khairiya, wakauomba mfuko wetu boti ya mashine iwe ya waja wazito na wagonjwa, na mimi ndiye niliyewaandikia maombi. Wakaambiwa waandikishe kikundi serikalini, wakaandikisha, wakaambiwa wafungue akaunti, wakafungua, wakaambiwa wahudhurie mafunzo ya uongozi, wakahudhuria na watoto mgongoni, kisha wakaulizwa nani ataitengeneza mashine ikiharibika, kana kwamba hatujapata kuona mashine, sisi ambao hapa kila mwanamume huifungua yake na kuifunga mwenyewe.

Mwishowe boti ikaja, nyeupe, nzuri, ina kivuli na godoro la kulaza mgonjwa, na tukaambiwa itakuwa chini ya Bwana Anselm. Huyu ni mzungu aliyejenga nyumba ya wageni kwenye ncha ya kisiwa, hakuwa amemaliza hata mwaka tangu ahamie, hakuulizwa akaunti wala mafunzo, alichofanya ni kula chakula cha jioni na mkurugenzi wetu, Bi Margriet, wakazungumza lugha yao wakacheka. Nilipomuuliza Bi Margriet kwa nini, akanishika bega akasema, "Tunahitaji mtu tunayeelewana naye. Ni kwa muda tu, mpaka kikundi kikomae." Bi Khairiya ana wajukuu, Bi Thuwaiba, naye aliambiwa akomae.

Nisimdhulumu Bwana Anselm, si mtu mbaya, husalimia watu, ameanza kukipata Kiswahili, na mara kadhaa amevusha wagonjwa usiku bila kunung'unika. Lakini boti ililala kwake, na ufunguo ulikuwa kwake, na alipopata wageni wanaotaka kuvua samaki wakubwa huko nje ya miamba akawa anawapeleka nayo kwa sababu boti yake mwenyewe ilikuwa ndogo.

Siku hiyo Ruba alishikwa na uchungu tangu asubuhi. Ruba tulikaa naye dawati moja, ndiye aliyenisuka nilipoolewa. Baada ya swala ya adhuhuri mkunga akasema mambo si mazuri, avushwe, na mumewe Yunusi akakimbia pekupeku mpaka lango la Bwana Anselm, mlinzi akamwambia boti imetoka na wageni, wakapiga simu ikawa haipatikani. Yunusi akarudi akatafuta, boti nyingi zilikuwa baharini, akapata ya ami yake yenye mashine ndogo, na maji yalikuwa yamekupwa, wakaisukuma kwenye matope na wanawake wakiwa ndani. Mtoto alizaliwa humo humo, msichana, mzima, lakini damu ya Ruba ilikataa kukatika, mkunga akamaliza kanga zote alizokuwa nazo, na Faza walifika na maiti.

Bwana Anselm alikuja matangani akalia. Namuamini kwamba alilia kweli.

Kwenye kikao cha mfuko nilisikia sababu ya kifo. Walisema familia ilichelewa kuamua kwa ajili ya mila, na wakapitisha kwamba waume wa Ndau wapewe mafunzo ya kuamua mapema. Yunusi naye aliitwa. Alikuja akakaa nyuma, akasikiliza anavyofundishwa kumkimbiza mke hospitali, mafunzo yakaisha akakunja mkeka akautegemeza ukutani akaenda zake.

Mwaka huu ndipo likaja hili. Huko kwao wafadhili wameanza kuulizana kuhusu ubaguzi wa rangi, kama utoaji wao nao umeingiwa nao, na mfuko wetu ukaleta mkufunzi kutoka Uingereza, mwanamke mweusi mwenzetu, wakuu wote wakaja, Bwana Anselm naye akaalikwa, tukakusanywa kwenye hoteli moja ya Lamu. Mkufunzi akasema wenyeji tuseme wazi, bila woga, tulichokiona. Wenzangu wakaangalia vikombe vyao. Nami nikangoja, nikaona kimya kinarefuka, nikasimama.

Nilisema, "Mnataka kujua kama mna ubaguzi. Akina mama wa Ndau waliwaomba boti, mkawapima mwaka mzima. Bwana Anselm hakuomba, mkampa. Rafiki yangu alipokuwa akifa boti hiyo ilikuwa imepeleka wageni kuvua, kisha mkasema ameuawa na mila zetu." Sauti yangu haikupanda, Bi Thuwaiba, wallahi haikupanda.

Bi Margriet akaanza kulia. Alilia kwa mabega, na chumba kizima kikamhamia, huyu analeta maji, huyu kitambaa, huyu anamkumbatia, mkufunzi akajaribu kusema jamani tumsikilize kwanza aliyesimama lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena, ikabidi chai iletwe kabla ya wakati. Mzee mmoja wa bodi akanijia akaniambia kwa upole, "Ulikuwa na haki ya kusema. Lakini anavipenda sana visiwa hivi, ungalisema kwa namna nyingine." Bwana Anselm alitoka nje na hakurudi. Nikabaki nimesimama na kikombe. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza huyo rafiki yangu aliitwa nani.

Baada ya hapo boti ikachukuliwa, eti pande zote zipumue. Imefungwa gatini Mokowe, huko bara, imefunikwa turubali. Mkataba wangu ukawa unaangaliwa upya. Kisha akanipigia yule mbara, Jepchirchir, meneja wetu wa Nairobi, na unawajua watu wa bara, mbele ya mzungu hawana mgongo.

Akaniambia, "Dada, nisikilize vizuri. Margriet hana kinyongo. Anataka tu umwambie ulisema vile kwa sababu ya majonzi. Basi. Boti itarudi kwa Anselm na wewe utabaki kazini."

Nikamwambia, "Sikusema kwa majonzi. Nilisema kwa sababu niliulizwa."

Akasema, "Kuna lingine. Wanaandaa mafunzo ya wafadhili wenzao huko Ulaya, wauelewe ubaguzi. Wanataka uende ukasimulie kisa cha Ndau. Bila kumtaja Anselm. Na wanaomba picha ya marehemu."

Nikamuuliza, "Na wewe, Jepchirchir, unaonaje?"

Akasema, "Mimi nina watoto, dada. Naona hivyo." Akakata. Sikushangaa, mbara ni mbara.

Nilikwenda kwa Bi Huwaida, mama yake Ruba, ndiye anayemlea mtoto, nikamkuta anampa maziwa. Nikamwambia nahitaji picha. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia wazungu wanataka kuionesha wakifundishana.

"Wafundishane nini?"

"Ubaguzi, mama."

Akamfuta mtoto mdomo. "Na ile siku uliyowaambia habari za mwanangu huko hotelini, ulipita hapa kuniuliza?"

Nikaokota kitambaa cha mtoto kilichoanguka.

"Mwanangu si somo," akasema. Akanigeuzia uso, nikatoka.

Bi Khairiya naye ndiye aliyenimaliza. Binti yake Razan ana mimba kubwa, na mimba ya kwanza ilimsumbua. Alinisimamisha mbele ya wanawake wote wa kikundi akasema, "Nenda kawaombe radhi. Walitunyima heshima, sawa, tulikwishazoea. Lakini boti ilikuwapo. Wewe kinywa chako kimesema kweli, na kweli hiyo haimvushi Razan." Na wanawake wakanyamaza, hata wale walionipongeza jana yake kisimani.

Sasa niambie, Bi Thuwaiba. Niombe radhi nisiyokuwa na kosa lake ili boti irudi? Niende Ulaya nikawasimulie, maana pengine wakielewa watakuja kutenda vyema mahali pengine? Au nikae kimya nipoteze kazi, na Razan likimpata la kumpata niwe mimi ndiye niliyemuua? Silali vizuri, na nikilala naamka nimebana meno.

Niliyekwama, Ndau.


JIBU LA BI THUWAIBA

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mola amrehemu Ruba na amkuze mtoto wake katika kheri. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekasirika, na si wote niliowakasirikia ni wazungu.

Nianze na lililo jepesi. Usimuombe radhi Bi Margriet. Aliuliza, ukamjibu. Mtu akikualika umwambie kasoro yake kisha akalia mpaka wewe ndiye ukawa na kosa, hakuwa akitafuta kujua, alikuwa akitafuta kuambiwa yeye ni mwema. Machozi yake pengine ni ya kweli. Lakini tazama yalivyofanya kazi: kulikuwa na mwanamke aliyekufa katika mazungumzo, na chumba kizima kikaenda kumpoza aliye hai. Nawe unataka kujua ubaguzi wa watoaji una sura gani? Ni hiyo uliyoiona. Hakuna aliyemtukana Bi Khairiya. Aliambiwa akomae, kwa mkono juu ya bega lako. Mmoja aliaminiwa kwa sababu anafanana nao, mwingine akaletewa mtihani juu ya mtihani, na msiba ulipotokea wakaitafuta sababu kila mahali isipokuwa mfukoni mwa mwenye ufunguo.

Muandikie Bi Margriet maneno machache, kwa adabu, usijieleze. Mwambie hivi: "Niliyosema nilikuwa nimeyaona, na siwezi kusema sikuyaona. Boti waliiomba akina mama wa Ndau. Naomba irudi kwao, na ufunguo ukae kwao." Tia salamu, tia jina lako, peleka. Usiongeze kwamba unampenda, usiongeze kwamba unaelewa alivyoumia.

Je, watakufukuza? Naona watakufukuza. Watakutafutia neno zuri la kukufukuzia, watasema mkataba umefika mwisho wake. Sitakudanganya kwamba msema kweli huongezewa mshahara, nimeishi sana mji huu nikaona wanavyoishia. Kwa hivyo kabla ya kuipeleka hiyo barua, nenda kaone shule za Pate na Lamu zinatafuta walimu wapi, na umwambie mdogo wako mapema, asije akajua siku ya kurudishwa nyumbani. Kama hali ya mama yako haikuruhusu kuthubutu, basi kaa kimya, usiandike lolote, na sitakuhukumu. Ila kuomba radhi ya uongo usiombe. Kimya unaweza kukivunja baadaye. Radhi ya uongo wataihifadhi, na siku Bi Khairiya atakapodai tena watamtolea hiyo.

Sasa nikukemee.

Bi Huwaida amekuuliza swali moja na hukumjibu, nami najua kwa nini. Hukupita kumuuliza. Wewe ulikuwa rafiki wa Ruba, ndiyo, lakini yeye ndiye aliyemzaa, na kifo kile ni chake kabla hakijawa chako. Ulikitoa mbele ya watu waliokuwa wakiangalia vikombe vyao. Ulikitoa kwa haki, nakubali, na ulikuwa umeshtukizwa na kile kimya. Lakini wale waliutumia uchungu wenu bila kuwauliza, nawe ukafanya kama wao, kisha ukarudi kumuomba na picha juu yake. Radhi unayodaiwa iko hapo, nyumba ya jirani. Nenda kwa miguu yako. Usibebe maziwa wala kanga, asije akaona unamlipa. Sema kosa lako kwa jina lake na ukae. Akikufukuza, ondoka, urudi siku nyingine.

La pili. Umemwita Jepchirchir "yule mbara." Umesema watu wa bara mbele ya mzungu hawana mgongo. Umesema mbara ni mbara. Je, ulijisikia ulipokuwa ukiandika? Umeniletea kurasa za kulalamika kwamba watu wa nti nyingine wanamtazama Bi Khairiya wasimuone yeye, wanaona kisiwa na mila, na humo humo ukamtazama mwanamke mwenzako usimuone, ukaona kabila. Huyu mama amekuambia ana watoto. Hilo ndilo neno la kweli pekee lililotoka katika simu ile, nawe ukalipita. Yeye naye anaamriwa na watu wale wale, analipwa chini yao, na hukutumwa wewe kumpima mgongo wake. Ubaguzi haukuja na ndege, mwanangu. Hapa Amu, mjini Lamu kwetu, tuna wetu wa zamani, wa nani ni mwana wa nani, nani babake alikuja na nini, nani aolewe wapi, na watu wa visiwa vya kaskazini mnajua majina tuliyowapa. Anayetaka kumuondolea mwenziwe uchafu wa jicho na aoshe mikono kwanza. Mpigie simu Jepchirchir. Usimuombe chochote. Muulize habari za watoto wake, umwachie hapo.

Bi Khairiya usimkasirikie. Amekuumiza mbele ya watu, na hilo si adabu, lakini ana binti mwenye mimba na bahari mbele ya mlango. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo humlaumu aliye karibu, kwa kuwa aliye Ulaya hasikii. Usibishane naye kuhusu ukweli. Msaidie kuhusu Razan, na fanya hivi wiki hii, usingoje barua ya mtu yeyote.

Razan asijifungulie Ndau. Avuke mapema, miezi ikikaribia kutimia, akae kwa jamaa Faza karibu na hospitali. Kama hana jamaa, nina hakika kuna nyumba ya Faza isiyokataa mja mzito, msikiti ukiulizwa utaijua. Pili, kaeni na kamati ya wavuvi, Yunusi awepo kama atapenda, mkubaliane kwa zamu: kila siku boti moja yenye mashine ya kutosha ibaki nyumbani na mafuta yake, na mwenye zamu achangiwe kwa siku aliyokosa bahari. Si boti nyeupe yenye godoro. Lakini ufunguo wake utakuwa kwa mtu ambaye mke wake naye huzaa. Tatu, mwakilishi wenu wa wadi aulizwe, kwa maandishi na mbele ya watu, wagonjwa wa Ndau wavukaje. Muulizeni yeye kwanza kabla ya mzungu, kodi yenu anayo yeye.

Na safari ya Ulaya? Usiende. Nimelipima hili sana, kwa sababu nakubali kwamba wafadhili wanahitaji kufundishwa, na wapo watakaosikia wakabadilika. Lakini wamekuita ukasimulie kifo na umfiche aliyekuwa na ufunguo. Watasikitika, watapiga makofi, watarudi nyumbani wakijua mwanamke fulani alikufa mbali, na kuhusu mkono wao wenyewe hawatajua lolote. Wakitaka kujifunza kweli ndia ipo: waje Ndau, wakae chini na kikundi, Bi Khairiya awe ndiye anayeuliza na wao ndio wanaojibu. Aanze na hili, "Mlimwamini Anselm kwa nini?" Kisha wangoje mpaka wapate jibu ambalo si "tulielewana naye." Hiyo ndiyo shule. Kama hawaitaki, basi hawakuwa wanafunzi.

Hayo ndiyo niliyomuandikia. Wasomaji wangu hupenda kujua mambo yaliishaje, na kwa kuwa miezi imepita nitasema, ingawa si habari za kufurahisha.

Aliipeleka barua kwa Bi Margriet. Mkataba wake haukuendelezwa, aliandikiwa ahsante ndefu. Sasa anafundisha Kizingitini na mshahara ni mdogo, na mdogo wake amesimamisha masomo kwa mwaka huu. Boti ilikaa Mokowe mpaka turubali likapasuka, kisha mfuko ukaipa mradi mwingine, mahali pengine, chini ya mgeni mwingine. Mafunzo ya Ulaya yalifanyika bila yeye. Jepchirchir alimpigia simu kumwambia, kwa sauti ya chini, kwamba kisa kilisimuliwa vivyo hivyo, marehemu akiitwa mwanamke mmoja wa visiwani, na kwamba kwenye orodha ya sababu mila ilikuwamo bado. Jepchirchir mwenyewe alikuwamo kwenye mafunzo hayo. Aliniruhusu niseme kwamba aliinua mkono kusahihisha, na kwamba hakupewa nafasi. Siku hizi wanapigiana simu, hawa wawili. Watoto wake ni wavulana.

Zamu ya wavuvi ilianza vizuri, ikalegea msimu wa kuvua kamba, ikaanza tena. Razan alivuka mapema akajifungua Faza salama. Bi Khairiya hakumshukuru mtu.

Kwa Bi Huwaida alikwenda, akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa. Mara ya tatu alipewa mtoto ambebe wakati bibi yake anakwenda kutawadha. Nilipotaka kuichapa barua hii nilimtuma yeye kwa mama huyo kuuliza, nikasema akikataa naitupa. Bi Huwaida aliuliza itakuwa kwa lugha gani. Akaambiwa Kiswahili. Akafikiri, kisha akasema, "Basi na achape. Watu wetu wakisoma watamuombea. Wale wa Ulaya wangeandika tu, wasimuombee."

Mwanangu, umeniuliza juzi kwa simu ufanye nini na Bi Khairiya, ambaye mpaka leo akikutana nawe gatini hutazama pembeni. Huna la kufanya ila moja. Ijumaa ukirudi Ndau, mtolee salamu, kwa jina lake, kwa sauti inayosikika. Asipoitikia, iitikie kwa niaba yake moyoni mwako, upite. Ijumaa ya pili mtolee tena.